Moshi Hausomi Kibao

Wasee wa Kilimani, tuongee ukweli. Unaingia baa Ijumaa usiku, unaambiwa wavutaji ni upande ule, wengine upande huu. Katikati hakuna ukuta, ni vyungu vya maua tu. Kwani moshi unajua kusoma kibao?

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku iko tangu 2007. Inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, mikahawa na baa zikiwemo, isipokuwa kwenye eneo lililotengwa. Shisha nayo ilipigwa marufuku Desemba 2017, lakini kuna mahali harufu yake bado inakupokea mlangoni.

Wewe mteja utakaa masaa mawili uende zako. Mhudumu anayekuletea kinywaji ako hapo hadi usiku wa manane, na kesho anarudi. Hajawahi kuwasha sigara, lakini mapafu yake yanavuta. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama cha moshi wa mwenzako. Una kemikali zaidi ya 7,000, na kadhaa kati yake zinasababisha saratani. Unaumiza moyo pia, na mwenye pumu unaweza kumbana kifua usiku huo huo. Feni haiusafishi, inauzungusha tu.

Kuna wale watasema, "Kama hataki moshi, atafute kazi kwingine." Kazi gani, Nairobi hii? Na landilodi anangoja kodi?

Mvutaji, sigara ni yako, lakini hewa ni yetu sote. Mteja, mwambie meneja wewe, kwa sababu mhudumu akisema anaweza kufutwa. Mwenye baa, jenga ukuta ama uondoe visahani vya majivu mezani.