TAHARIRI: AKISHASAFISHWA KIZAZI, TUSIMWACHE PEKE YAKE

Ndugu wanakijiji na wanaushirika,

Msimu uliopita wa ufuta, sisi tuko ghalani tunabishana juu ya mizani, mama mmoja wa hapa kijijini mimba yake iliharibika. Alipelekwa kutibiwa, akasafishwa kizazi, akarudi nyumbani siku ile ile. Kesho yake tumbo likaanza kumkata. Siku ya tatu homa. Sisi tukasema ah, ndiyo kawaida ya wanawake. Tukamkanda maji ya moto, tukamfunga kanga. Siku ya tano ndiyo tukamkimbiza hospitali. Kumbe kizazi kilikuwa kimetoboka, usaha umejaa tumboni. Alipasuliwa. Mungu kamnusuru roho yake, lakini kizazi hana tena.

Hatuandiki haya ili watu waogope hospitali. La hasha! Katika kila mimba kumi zinazojulikana, moja au zaidi hutoka yenyewe. Mabaki yakikaa ndani yanaleta damu nyingi na kuoza. Lazima mama atibiwe. Wako wanaopewa vidonge, na wako wanaonyonywa mabaki kwa bomba la mkono. Njia ya zamani ya kukwangua kwa chuma ina hatari zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri bomba au vidonge badala yake.

Lakini kizazi chenye mimba ni laini kama papai bivu. Hata mganga hodari chombo kinaweza kumponyoka kikatoboa. Pengine mabaki hubakia, au vijidudu huingia. Ajali hizi ni chache, na zikiwahiwa zinatibika. Kinachoua ni kungoja.

Kwa hiyo tunasema hivi:

1. Mama aliyesafishwa asilale peke yake wiki ya kwanza. Mume, shangazi au somo yake awe karibu.

2. Arudishwe hospitali mara moja, hata usiku, akiona dalili hizi: homa au kutetemeka, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, uchafu unaonuka, kizunguzungu, au damu inayolowesha pedi mbili kwa saa moja, saa mbili mfululizo.

3. Pigeni simu 115. Ni bure, ni ya usafiri wa dharura za uzazi.

4. Tuache minong'ono ya "ameitoa mwenyewe". Minong'ono ndiyo inawafanya dada zetu wajifiche ndani mpaka wanaoza. Kutibiwa mimba iliyoharibika siyo kosa la sheria.

Sasa tujikosoe. Siku ile mume wake alikuja kuomba nauli, nasi viongozi tukamwambia angoje kikao. Hilo ni kosa letu, na tunalikiri hapa ukutani kila mtu asome. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, tulijifunza kwamba njia inaweza kufungika siku moja. Ugonjwa nao haungoji kikao wala mnada.

Tunapendekeza mkutano mkuu ujao utenge fungu la dharura kutoka mauzo ya ufuta na korosho, likae kwa mweka hazina, litolewe bila kikao. Njooni wote, na akina mama mje mseme.

MTU NI AFYA!

Katibu, kwa niaba ya Kamati