Tusipande Uhai Tunaokwenda Kuutafuta

Septemba 21, 2003, wataalamu wa NASA walikizamisha kwa makusudi chombo chao, Galileo, katika angahewa ya Mshtarii. Mafuta yalikuwa yanaelekea kwisha, na chombo kisicho na mafuta hakiongozeki. Walihofia kisije kikauangukia Europa, mwezi wa sayari hiyo unaoaminika kuwa na bahari chini ya barafu, na kuupelekea bakteria wa Duniani. Septemba 15, 2017, chombo kingine, Cassini, nacho kiliteketezwa katika Zohali kwa hofu hiyo hiyo juu ya miezi yake.

Msomaji, toleo hili linahusu usafi wa vyombo tunavyovituma kwenye sayari nyingine. Wapo wanaouona kuwa gharama ya bure. Mirihi ni kukavu, wanasema, na mionzi yake huua. Kijidudu gani kitapona huko?

Jibu limo humo humo katika vyumba safi vinamoundwa vyombo hivyo. Usafishaji huua vijidudu dhaifu na kuvibakiza vilivyo sugu. Bakteria aitwaye Tersicoccus phoenicis aligunduliwa katika vyumba viwili vya aina hiyo, kimoja Florida na kingine Kourou, Guiana ya Ufaransa, mahali palipokaushwa na pasipo na chakula. Tukimkuta ndugu yake katika udongo wa Mirihi, nani atathibitisha kwamba ni mwenyeji na si abiria wetu? Hasara kubwa ni hiyo: kulipoteza swali lenyewe kabla ya kulijibu. Na maji yakimwagika hayazoleki.

Usafi wa kweli unawezekana. Vyombo viwili vya Viking, vilivyotua Mirihi mwaka 1976, vilisafishwa hadi kila kimoja kikabaki na spora zisizozidi 300,000, kisha vikaokwa vizima kwa joto la zaidi ya digrii 110 za Selsiasi kwa saa nyingi. Ilikuwa kazi ghali, na vingi vilivyofuata havikuokwa hivyo.

Sheria nayo ina pengo. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 inazitaka nchi ziepuke uchafuzi wenye madhara, na Ibara ya 6 inazibebesha dhamana ya kampuni zao binafsi. Lakini viwango vyenyewe vimo katika mwongozo wa COSPAR, kamati ya kimataifa ya utafiti wa anga, ambao si sheria. Aprili 2019 chombo binafsi cha Israeli, Beresheet, kilianguka Mwezini. Miezi kadhaa baadaye ndipo dunia ikaambiwa kwamba kilibeba tadigredi, viumbe wadogo mno wanaostahimili ukavu mkali. Mwezini hawatazaliana. Lakini kesho mzigo wa siri unaweza kwenda Mirihi.

Msimamo wetu ni huu: nchi inayotoa kibali cha kurusha chombo idai kwanza orodha kamili ya mizigo na hesabu ya vijidudu, na izitangaze hadharani. Asiyeweza kuzitoa asiruhusiwe kurusha.