Meli ya Nje Ikikumwagia Unga, Serikali Iko Wapi?

Kijana, soma hii mpaka mwisho kabla ya ku-scroll.

Ukipigwa kalamu kwa sababu umeiba au umelala kazini, hiyo ni yako. Jilaumu. Lakini ukipigwa kalamu kwa sababu kile unachotengeneza kinaletwa na meli kwa bei ya chini, na aliyeifungulia meli mlango ni serikali yako mwenyewe, hapo kosa lako liko wapi?

Swali hili Wamarekani walijiuliza zamani. Mwaka wa 1962, enzi za Rais Kennedy, walitunga sheria ya kufungua soko lao kwa bidhaa za nje. Ndani ya sheria hiyo hiyo wakaweka msaada kwa mfanyakazi atakayepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa hizo. Mwaka wa 1974 wakaitengeneza upya. Hesabu yao ilikuwa rahisi: nchi nzima inafaidi bei nafuu, lakini hasara inaangukia kichwa cha mtu mmoja na familia yake. Basi wanaofaidi wamchangie anayeumia. Hii si sadaka. Ni deni.

Sasa skiza yaliyowapata watu wa visima vya mafuta.

Mwisho wa 1981 Marekani ilikuwa na mitambo ya kuchimba zaidi ya 4,500 inayofanya kazi. Saudi Arabia ilipofungulia mafuta yake kwa wingi, bei ikaanguka, kutoka zaidi ya dola 25 kwa pipa mwishoni mwa 1985 hadi chini ya dola 12 Julai 1986. Mwezi huo mitambo iliyobaki kazini ilikuwa 663. Texas, Oklahoma na Louisiana zikajaa watu wenye ujuzi wa kazi moja tu, na kazi yenyewe imekufa.

Wakaenda kuomba msaada wao wa kisheria. Wakaambiwa nini? Ati nyinyi hamtoi mafuta, nyinyi mnachimba tu. Kuchimba ni huduma, si bidhaa, na sheria inalinda wanaotengeneza bidhaa. Yaani mtu ametoboa ardhi mpaka mafuta yakaruka, halafu karani ofisini anamwambia hahusiki na mafuta!

Hawakukaa kimya. Kelele zilifika Bunge lao, na mwaka wa 1988 sheria ikabadilishwa ili wanaotafuta na kuchimba mafuta na gesi waingie. Tena ikarudi nyuma na kuwachukua waliofutwa baada ya Septemba 1985. Hapo pana funzo: haki iliyoandikwa vibaya huwa haijirekebishi yenyewe. Kuna watu walisukuma.

Msaada wenyewe ulikuwaje? Wafanyakazi watatu tu walitosha kupeleka ombi kwa Wizara ya Leba. Chama chao pia kingeweza, hata kampuni yenyewe. Wizara ikithibitisha kwamba bidhaa za nje zilichangia kwa kiasi kikubwa, mlango unafunguka. Unasomeshwa kazi mpya. Malipo ya kawaida ya wasio na kazi yakiisha, unaendelea kulipwa kila wiki ukiwa mafunzoni. Katika sheria zao za miaka ya 2010, yote kwa jumla yangeweza kufika wiki 130. Ukitaka kuhamia mji mwingine wenye kazi, sehemu kubwa ya gharama inarudishwa. Na ukiwa umefika miaka 50, ukapata kazi ya mshahara mdogo kuliko wa zamani, unafidiwa nusu ya tofauti, hadi dola 10,000 ndani ya miaka miwili.

Sikudanganyi kwamba mpango huo ulikuwa pepo. Makaratasi ni mengi. Ukichelewa zaidi ya mwaka mmoja tangu kufutwa, umekosa. Wengine walisomea kazi ambayo mjini kwao haipo. Na tarehe 1 Julai 2022 muda wa sheria uliisha, Bunge lao halikuuongeza, na Wizara ikaacha kupitisha maombi mapya. Meli bado zinafika. Anayefutwa leo kwa sababu ya bidhaa za nje hapati kile alichopata jirani yake miaka michache iliyopita. Nchi tajiri vile, na bado haki ya mfanyakazi inakufa kimyakimya kwa tarehe tu kupita. Usidhani ukishapewa umepewa milele.

Haya, turudi nyumbani. Changamwe.

Pale palikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta tangu 1963. Mafuta ghafi yanashuka bandarini, yanasafishwa hapa hapa Mombasa, yanatoka petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mitambo ilizeeka. Kampuni za mafuta zikalalamika kwamba yaliyosafishwa Changamwe ni ghali kuliko yale yanayokuja tayari kutoka nje. Mwaka wa 2013 mitambo ikazimwa, na mwekezaji aliyekuwa na nusu ya kiwanda akatangaza anaondoka. Serikali ikachukua kiwanda chote, na leo pale ni mahali pa kuweka mafuta ya wengine. Kila tone la petroli kwenye bodaboda yako limesafishwa ng'ambo. Na tangu 2023 ni serikali yenyewe iliyokaa mezani na kampuni za Saudia na Imarati kupanga mafuta hayo yaje.

Labda kuagiza ni nafuu. Sibishani na hilo leo. Ninachouliza ni kimoja: fundi aliyejua kuendesha mtambo ule, kibarua wa kontrakta, kijana wa kuchomelea vyuma, mama aliyewapikia getini, nani aliwahi kuwaambia, "Uamuzi huu ni wetu sote, basi hasara yenu tutaibeba sote"?

Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri akipunguza watu atoe notisi ya mwezi, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Miaka kumi ya jasho ni siku 150. Miezi mitano, basi, rudi mtaani. Tena hapo anayelipa ni mwajiri. Serikali iliyofungua mlango haitoi hata shilingi. Na kibarua asiye na barua ya kazi anapata nini? Vumbi.

Angalia karatasi yako ya mshahara. NSSF imekatwa. Afya imekatwa. Nyumba imekatwa. Sasa nionyeshe kato lililowekwa kwa ajili ya siku utakayomwaga unga. Hakuna.

Watakwambia pesa hazipo. Waulize: pesa za makato zilipatikana vipi? Kila lita ya mafuta inayoingia nchini inatozwa ushuru na tozo. Sehemu ndogo ya tozo hiyo ikirudi kwa waliopoteza kazi kwa sababu ya mafuta hayo hayo, ni dhambi gani? Watakwambia pia mtu akisaidiwa atakuwa mvivu. Mtu aliyefanya kazi kwenye joto la tanuri miaka ishirini, umwite mvivu wewe unayelipwa posho ya kukaa kikaoni?

Na usione hii ni hadithi ya wazee wa Changamwe. Kisima cha Ngamia 1 kule Turkana kilipata mafuta Machi 2012. Shehena ya kwanza ilitoka Mombasa Agosti 2019 kwa mbwembwe. Mei 2020 shughuli zikasimamishwa. Sasa kampuni nyingine imenunua visima na vijana wanaahidiwa kazi tena. Kazi ni kheri. Lakini bei ya mafuta haipangwi Lokichar, wala haipangwi Nairobi. Siku ikianguka tena, kijana wa Turkana na dereva wa lori wa Mombasa watarudi nyumbani na nini?

Kwa hivyo mgombea akija mtaani kwenu, achana na fulana. Muulize mambo matatu. Mfuko wa mfanyakazi anayepoteza kazi kwa sababu ya uamuzi wa serikali kuhusu bidhaa za nje, atauleta Bungeni lini? Kibarua wa kontrakta atakuwa ndani au nje? Na mafunzo ya kazi mpya, yatafanyika Mombasa na Lodwar au ni Nairobi tu?

Mrekodi jibu lake. Lipost. Tutalihitaji.

Kama mzee wako alifanya kazi Changamwe, tuandikie hapo chini alirudi nyumbani na nini. Usitaje jina. Sema ukweli tu.