Jitu la Lindi lililokula majani tu

Mwulize mtoto yeyote wa Umoja, Buruburu au Kayole akutajie dinosari, msomaji mpendwa, na hutasubiri. Atakutajia Tyrannosaurus, yule mla nyama wa sinema mwenye meno kama visu, na huenda akanguruma kabisa ili uelewe vizuri. Mwulize tena wanyama hao walikaa wapi. Marekani, atakujibu, kwa sababu sinema zenyewe hutoka huko. Ni wachache watakaokuambia kwamba mmoja wa wanyama wakubwa kabisa waliopata kutembea juu ya nchi kavu alichimbuliwa hapa jirani, Lindi, kusini mwa Tanzania, na kwamba hakuwa na haja ya nyama hata kidogo.

Wataalamu humwita Giraffatitan brancai. Hilo neno la kwanza maana yake ni twiga jitu. Mifupa yake imesimamishwa katika makumbusho ya viumbe mjini Berlin, Ujerumani, na kutoka sakafuni hadi utosini ni mita 13.27. Tarakimu hiyo haisemi kitu mpaka uilete nyumbani. Toka nje uyatazame majumba ya kupangisha ya Pipeline au Umoja. Ghorofa moja ni kama mita tatu. Mnyama huyu akisimama uani, kichwa chake kingechungulia dirisha la ghorofa ya nne, na mwenye nyumba asingejua amdai kodi au akimbie. Mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele, huo peke yake, unazidi mita mbili. Ukitaka kuupitisha mlangoni ukiwa wima hautapita. Twiga wetu wa mbugani angemfika mabegani tu.

Alikula nini basi hata akawa mkubwa kiasi hicho? Si nyasi, maana miaka milioni 150 iliyopita nyasi hazikuwako duniani. Kulikuwa na miti ya jamii ya misonobari, kulikuwa na mikangaga, na kulikuwa na jamaa za mtapo, ule mmea wa majani magumu unaofanana na mnazi mfupi na ambao bado waota Pwani yetu. Jitu hili halikutafuna. Meno yalichuma, koo likameza, na kazi yote ikaachiwa tumbo. Mnyama asiyetafuna hahitaji taya nene, kwa hiyo kichwa chake huwa kidogo, na kichwa kidogo ndicho kinachobebeka mwishoni mwa shingo ndefu. Isitoshe, pingili za shingo yake zilikuwa na nafasi za hewa ndani yake, kama ilivyo mifupa ya ndege. Bila hayo shingo ile ingemlemea.

Wala hakula peke yake. Mahali hapo hapo walikuwapo Dicraeosaurus, wa jamaa ya shingo ndefu lakini mwenye shingo fupi kuliko wenzake, aliyekula majani ya kimo cha kati. Kentrosaurus, mwenye miiba mirefu kutoka mgongoni hadi mkiani, aliyekula ya chini. Na Dysalotosaurus, mdogo na mwepesi, aliyekimbia kwa miguu miwili. Walao majani hao wote waliishi pamoja karibu na bahari bila kugombania sahani moja, kama vile twiga na swala wanavyopishana leo katika mbuga zetu.

Pahali penyewe paitwa Tendaguru, kilima kilichoko bara, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa mno ukichomoza ardhini akapeleka habari. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijatulia, na nchi ile ilikuwa imeunguzwa na njaa. Katika hali hiyo ndipo kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yalipoendesha uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Hao ndio majina yao yako vitabuni.

Lakini waliochimba ni nani? Ni Waafrika, kuna wakati wakifika 500, chini ya msimamizi wao hodari Boheti bin Amrani, ambaye Wajerumani wenyewe walimtegemea katika kuifukua na kuifunga mifupa isivunjike. Hapakuwa na reli wala lori. Mifupa ilifungwa vizuri ikabebwa kichwani na mabegani hadi Lindi, mwendo wa siku nne hivi, kisha ikapakiwa melini. Yote pamoja ilizidi tani 200. Wewe uliyepata kupandisha mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya tano siku ambayo mifereji imekauka, hebu piga hesabu ya mzigo mzito kuliko huo, si kwa ngazi tano bali kwa siku nne, na ukifika unarudi kuchukua mwingine.

Nairobi nayo ina sehemu yake katika hadithi hii, ingawa ni ndogo. Baada ya Waingereza kuitwaa Tanganyika, walituma kundi lao Tendaguru mwaka 1924 chini ya William Cutler. Aliyefuatana naye ni kijana wa miaka 20 aliyezaliwa Kabete, Louis Leakey, yule yule aliyekuja baadaye kuyaongoza makumbusho ya Nairobi yalipokuwa yakiitwa Coryndon. Cutler alifariki kwa malaria huko huko Lindi mwaka 1925.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo binafsi laniajabisha kuliko ule ukubwa. Janensch alipoichunguza mifupa ya jitu lake aliona linafanana mno na mnyama aliyekwisha kupewa jina la Brachiosaurus mwaka 1903, aliyepatikana Colorado, Marekani. Kwa hiyo mwaka 1914 akalipa jina hilo hilo. Kentrosaurus naye ana ndugu yake Marekani, na Dysalotosaurus pia. Bahari ya Atlantiki yote iko katikati. Mnyama wa makumi ya tani, asiyejua kuogelea masafa hayo, alivukaje?

Hakuvuka. Nchi ndiyo iliyosogea. Zamani za kale mabara yote yalikuwa yameshikana kuwa bara moja kuu, Pangea, na walao majani wa kwanza walitawanyika humo kwa miguu, kizazi baada ya kizazi, wakifuata malisho. Kisha ardhi ikapasuka polepole, kwa mwendo wa kucha inavyoota, maji yakaingia katikati, na kila ukoo ukabaki upande wake. Ni kama ndugu waliozaliwa chumba kimoja Makadara, mmoja akahamia ng'ambo: mwanzoni wanafanana kama mapacha, lakini wajukuu wakikutana hawatambuani. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2009 mtaalamu Michael Taylor alilinganisha mifupa ya Lindi na ya Colorado akahesabu tofauti 26. Tangu hapo wengi wamekubali kwamba wa Lindi ni mnyama mwingine, anayestahili jina lake mwenyewe.

Baada ya Pangea kugawanyika, Afrika ilibaki imeshikana na Amerika ya Kusini, Bara Hindi, Madagaska, Australia na Antaktika katika nchi iliyoitwa Gondwana. Huko ndiko jamaa nyingine ya walao majani wenye shingo ndefu ilikostawi. Mifupa ya namna hiyo imeonekana hata kwetu Kenya, katika mawe ya Lapurr, kaskazini mwa Turkana. Iliyosimuliwa zaidi, hata hivyo, ni ile ya bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, na hapa waite watoto waje wasome nawe, kwa sababu hawatahitaji mwalimu. Mwaka 2017 mmoja wa wanyama hao alipewa jina Shingopana songwensis. Naam, ni Kiswahili: shingo pana, wa Songwe. Ndugu zake wa karibu zaidi wamepatikana Amerika ya Kusini. Mwaka 2019 akafuata Mnyamawamtuka moyowamkia, mnyama wa mto Mtuka, mwenye pingili za mkia zenye umbo la moyo. Profesa wa Tokyo au Chicago hana budi kulitamka hivyo hivyo.

Hata mwanzo wa ukoo mzima una jina la kwetu. Asilisaurus kongwe alitambulishwa mwaka 2010 kutokana na mifupa ya mkoa wa Ruvuma, ya zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita. Hakuwa dinosari kamili bali binamu wa karibu, mwenye kimo cha mbwa mkubwa, na meno yake yaonyesha kwamba majani yalikuwa tayari katika chakula chake.

Wako Watanzania waliodai kwamba mifupa ya Tendaguru irudi nyumbani. Wako na wengine wasemao kuihifadhi ni gharama kubwa, afadhali Wajerumani wasaidie kufundisha vijana na kuendeleza uchimbaji. Mimi sioni kwa nini moja liue jingine. Mwanafunzi wa Dandora anayetaka kusimama chini ya jitu hili leo anahitaji pasipoti, viza na tikiti ya ndege, na hali mtoto wa Berlin anahitaji nauli ya basi tu.

Kuna deni moja lililoanza kulipwa. Miongoni mwa mifupa ya Tendaguru mlikuwa na mkia ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa wa Janenschia, mnyama aliyepewa jina kwa heshima ya Janensch. Wataalamu walipouchunguza upya waligundua kwamba si wake, ni wa mnyama tofauti kabisa, ambaye yaelekea ana jamaa zake Uchina. Mwaka 2019 wakampa jina Wamweracaudia keranjei: mkia wa Wamwera, watu wa nchi ile, na wa Mohammadi Keranje, msimamizi Mwafrika aliyeuchimbua. Mkia wenyewe, pingili 30, uko Berlin.