Tunaogopa saki, tunalala na sumu



Kisha mavuno ya maharagi ya msimu A, tulifika katika koperative moja ya milima ya Masisi kuona namna watu wanavyoyalinda na bidudu. Miezi mitatu mbele tulikuwa tumegawa pale zile saki zenye sashe mbili za plastiki ndani, zinazofungwa kabisa ili hewa isiingie. Saki tulizikuta, lakini sashe hazikuwamo. Moja ilikuwa juu ya kibanda cha mbuzi, inazuia mvua. Nyingine ilikuwa imekatwa, mtoto wa shule anajifunika nayo.

Tukauliza sababu. Mama mmoja akasimama, akatoa simu, akatusikilizisha sauti ya mtu anayejiita daktari. Jina hakutaja, hospitali hakutaja. Anasema tu kwamba chakula kikikaa ndani ya plastiki kinageuka kansere. "Agronomu," mama akatuambia, "mulituletea kansere ndani ya saki. Sisi tuko na batoto."

Hatukucheka. Mama anayekataa kulisha watoto wake kitu anachokiogopa anafanya kazi yake ya umama. Lakini tulipouliza maharagi yanalindwa na nini sasa, wakatuonyesha unga mweupe ulionunuliwa sokoni, umefungwa katika kasashe kadogo kasiko na jina la dawa, wala kipimo, wala tarehe. Walikuwa wameuchanganya na maharagi kwa mikono mitupu, ndani ya nyumba wanamolala. Kumbe wiki mbili mbele yake, watoto watatu wa nyumba moja walitapika usiku kucha kisha kula maharagi hayo. Muganga wa kituo cha afya aliwapokea, akasema ni dawa ya bidudu, na Mungu akasaidia wakapona. Majirani wao walisemaje? Walisema kosa ni la beseni ya plastiki ambamo chakula kilipakuliwa.

Ndiyo maana tunaandika. Hizi kelele za "kitu hiki cha nyumbani kinaua" zinazopita kwa simu, na mara nyingine kwa radio, zina hasara mbili. Ya kwanza, zinatutupisha kitu kinachotusaidia. Ya pili ni mbaya zaidi: zinatuchosha kuogopa, mpaka sumu ya kweli inapita mbele ya macho yetu tukiichekea.

Mtakumbuka habari ya mchele wa plastiki. Mwezi wa 12 mwaka 2016, duane ya Nigeria ilikamata tani 2 na nusu za mchele, ikasema ni plastiki. Habari ikazunguka Afrika nzima, na watu wakaanza kudunda mchele chini sawa mupira kuona kama utaruka. Wapimaji wa serikali ya Nigeria walipouchunguza, hawakukuta plastiki. Walikuta vijidudu vya uchafu kupita kiasi kinachoruhusiwa. Mchele ule kweli haukufaa kuliwa, ila kwa sababu ya kawaida kabisa: uchafu na kuhifadhiwa vibaya. Neno "plastiki" lilijulikana na kila mtu. Neno "uchafu" halikufika mbali.

Tena, wakati mwingine habari inatoka kwa wataalamu wa kweli, ila inageuzwa njiani. Kuna shirika la kimataifa la utafiti wa kansere, lililo chini ya OMS. Mwaka 2011 lilisema mawimbi ya simu huenda yakaleta kansere. Mwaka 2016 likasema kinywaji cha moto kupita digri 65 kinaelekea kuleta kansere ya koo. Magazeti yakaandika: chai inaua! Lakini makundi ya shirika hilo yanaonyesha tu ushahidi una nguvu kiasi gani. Hayasemi hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani kwa mtu. Anayetaka kutii habari ile vizuri anaacha chai yake ipoe kidogo, kisha anakunywa. Na yule anayeogopa plastiki juu ya sauti aliyoisikia kwa simu, simu yenyewe amelala nayo chini ya mto.

Sisi watu wa Masisi na Walikale hatuhitaji kufundishwa jambo hili na Wazungu. Muhogo mchungu una sumu, na sumu yake ni kali. Kule Kwango, magharibi mwa nchi yetu, watu wengi, wengi wao watoto na wanawake, wamepooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Unawapata watu wanaokula muhogo mchungu kila siku bila kuuloweka vya kutosha, tena bila maharagi, samaki au nyama pembeni. Kama muhogo ungevumbuliwa leo, simu zingejaa sauti: "Ndugu, chakula hiki ni sianidi, tuma kwa watu kumi!" Bibi zetu hawakuutupa. Walijifunza kuuloweka siku tatu, kuuanika, kuutwanga. Walijua sumu iko wapi, inatolewa namna gani, na kwa siku ngapi. Hatari inakuja pale mtu, kwa njaa au kwa kukimbia vita, anaung'oa mbichi na kuuloweka usiku mmoja tu. Elimu ya namna hiyo ndiyo tunayoitaka kwa saki, kwa bidoni na kwa sufuria.

Basi tutaje yale tunayoyaona nyumbani kwenu ambayo hayapigiwi kelele.

Kwanza, ukungu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Walikula mahindi yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na maji, yakaota ukungu unaotoa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hii, shirika lile la kansere limeshaithibitisha: inaleta kansere ya ini. Karanga na mahindi ya Walikale, kwa mvua ile ya msitu, yako katika hatari hiyo kila msimu. Kupika hakuimalizi. Kuanika juu ya turubai badala ya udongo, na kuchagua mbegu zilizooza na kuzitupa, kunasaidia sana.

Pili, dawa ya bidudu isiyo na jina. Usiinunue. Na vile vidonge vinavyotoa gesi ya kuua bidudu, visitumike hata kidogo katika nyumba wanamolala watu. Gesi ile haichagui bidudu na mtoto.

Tatu, bidoni iliyokuwa na dawa ya shamba. Tumeona maziwa yakishuka kutoka malishoni katika bidoni za namna hiyo, zimeoshwa kwa sabuni na mchanga. Dawa inaingia ndani ya plastiki yenyewe, sabuni haiitoi. Ikiisha dawa, suuza mara tatu, maji yale yamwage ndani ya pompi unyunyize shambani, kisha toboa bidoni isitumike tena. Na dawa isiwekwe kamwe katika chupa ya Fanta.

Nne, makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Baridi ya Masisi tunaijua. Lakini moshi wa kupikia nyumbani, kwa hesabu ya OMS, unaua watu karibu milioni 3 duniani kila mwaka. Mbabula wa makala usiku, mlango umefungwa, unaweza kuua familia nzima bila hata moshi kuonekana.

Sasa turudi kwa saki. Sashe zake ni za polietilini, ukoo mmoja na bidoni ya manjano unayochotea maji. Ndani yake hamuwekwi dawa yoyote. Bidudu waliotoka shambani na maharagi wanamaliza hewa iliyomo, wanaacha kula, wanakufa. Ndiyo kazi yake yote. Plastiki ina ubaya wake, hatukatai: usiichome jikoni, usifungie bugali wa moto katika sashe nyeusi zisizojulikana zimetengenezwa na nini. Lakini maharagi makavu na baridi katika sashe safi hayana neno. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia maharagi kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, rudisha maharagi juani.

Kosa letu pia tulikubali. Siku ile ya kugawa tulihesabu saki, tukachukua sahihi na picha, tukapanda piki kabla mvua haijaharibu njia. Hatukueleza sashe inafanya nini. Tuliacha nafasi tupu, na yule daktari asiye na jina akaijaza. Wenzetu wa radio nao tunawaomba: kabla ya kutangaza kitu kinaua, mpigieni muganga wa zone de santé au mtu wa kilimo. Mnasikilizwa kuliko sisi, na mama wa kijiji akiwasikia anatupa kitu siku hiyohiyo.

Na ninyi, ndugu, sauti ikifika kwa simu, iulizeni maneno manne. Nani anasema, jina lake na kazi yake? Kiasi gani kinadhuru? Kinadhuru kwa njia gani: kwa kula, kwa kuchoma, kwa kupumua? Na nikiacha kitu hiki, nitatumia nini pahali pake? Hilo la mwisho ndilo lingewaokoa wale watoto watatu.

Katika koperative ile tulikubaliana hivi: saki moja imejazwa maharagi makavu mbele ya wote, ikafungwa bila dawa, ikaachwa katika depo pembeni ya saki ya kawaida. Tutazifungua pamoja mwezi wa 6, kabla ya mavuno ya msimu B, na yule mama wa simu ndiye atakayekata kamba. Kila koperative inaweza kufanya vile. Ule unga mweupe uliobaki uliondolewa nyumbani siku ileile. Na maharagi yaliyochanganywa nao yasipelekwe sokoni, hata kama mnunuzi hataona.