Muuguzi Afunzwe Kuongoza Angali Mwanafunzi

Ukilazwa katika hospitali kubwa, yamkini mtu utakayemwona mara nyingi zaidi si daktari bali ni mwanafunzi wa uuguzi. Ndiye apimaye presha, ahesabuye mapigo ya moyo na kutandika kitanda. Huku kwetu ni wengi: wapo wa KMTC mjini Nyeri, wa Consolata Mathari, wa Tumutumu karibu na Karatina na, upande wa pili wa Mlima Kenya, wa Chogoria.

Kazi ya mikono hufunzwa vyema. Uongozi, aghalabu, huachiwa darasa na mtihani. Wodini mwanafunzi ni wa kutumwa tu: leta hiki, peleka kile. Kisha anahitimu, na akipelekwa zahanati ya huko Kieni aweza kujikuta ndiye mkubwa wa dawa, wa chanjo na wa kila mama ajaye kujifungua, bila daktari karibu.

Tuseme mama mmoja aanze kuvuja damu baada ya kuzaa. Hiki ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya vifo vya wazazi nchini Kenya, na huua kwa muda wa saa chache. Muuguzi yapasa asugue mji wa mimba ukaze, adunge sindano ya oksitosini, na papo hapo amwagize mfagiaji aite ambulensi na jamaa wa mgonjwa ashike mtoto. Mtu aliyezoea kutumwa ataipata wapi sauti ya kutuma wengine?

Kwa maoni yangu, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akabidhiwe zamu nzima mara kadhaa, muuguzi mkuu akimtazama kando. Agawe kazi. Atoe ripoti zamu zikipokezana. Ampigie daktari simu usiku, amweleze kwa ufupi mgonjwa ana nini na kwamba anahitajika sasa. (Wapo madaktari wafokao wakiamshwa, hao nao wafunzwe.) Na akiona dozi iliyoandikwa si sawa, awe na ruhusa ya kusema.

Nitaambiwa wauguzi ni wachache, nani atasimamia? Ni kweli. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma zi mikononi mwa kaunti, na mgomo wa wauguzi wa 2017 ulidumu takriban miezi mitano. Hata hivyo, kuajiri muuguzi mmoja kwa kila wodi kubwa, ambaye kazi yake ni kuwafunza wanafunzi hawa, si jambo lisilowezekana. Muulize diwani wako bajeti ya afya itakapojadiliwa.