JUKWAA LA SIKU MOJA

Hakuna juma lipitalo katika miji yetu bila ya watu kujenga kitu kitakachobomolewa kesho yake. Leo ni turubai la arusi mtaani, kesho ni jukwaa la mkutano wa hadhara, keshokutwa ni ngazi za watazamaji wa ngumi au ngoma. Kazi hizi hufanywa kwa haraka na kwa furaha, nasi hatuna nia ya kuizima furaha hiyo. Turubai la msiba lililofungwa juu ya miti minne halihitaji injinia. Lakini jukwaa litakalobeba watu mia moja, na vipaza sauti vikubwa vikining'inia juu ya vichwa vyao, hilo ni jengo. Watu mia wenye kilo 65 kila mmoja ni tani sita na nusu, na wakiruka kwa pamoja vyuma hupokea mapigo makubwa kuliko uzito huo. Kwamba jukwaa litaondolewa kesho hakuupunguzi mzigo wake wa leo.

Twayasema haya kwa sababu tumelisikia mara nyingi, hata vinywani mwa viongozi wa matawi, neno hili: "Ni la siku moja tu." Kwa neno hilo kibali huonekana kuwa usumbufu wa bure. Yatupasa basi tutazame neno hilo liliwafikisha wapi watu wa nchi nyingine.

Tarehe 5 Mei, 1992, timu ya mji wa Bastia, katika kisiwa cha Corsica nchini Ufaransa, ilikuwa icheze na Marseille katika nusu fainali ya Kombe la Ufaransa. Marseille ilikuwa timu kubwa kuliko zote nchini humo, na kila mtu kisiwani alitaka kuiona. Uwanja wa Furiani ulikuwa mdogo. Wakuu wa timu wakaona tiketi zingeweza kuuzwa maradufu kama pangekuwa na mahali pa kuwaketisha watu. Basi jukwaa la zamani la upande wa kaskazini likabomolewa, tena bila kibali cha kulibomoa, na mahali pake likasimamishwa jukwaa la mabomba ya chuma lenye nafasi zaidi ya 9,000. Kazi yote ilichukua chini ya majuma mawili.

Tume ya usalama ilipaswa kulikagua na kulipasisha kwa taratibu iliyowekwa. Haikuwa hivyo. Makaratasi yalikimbizwa huku na huku, tiketi zikaendelea kuuzwa, na jioni ya siku yenyewe mafundi walikuwa wangali chini ya jukwaa wakikaza vyuma huku watu wamekwisha keti juu. Kipaza sauti cha uwanja kiliwaomba watazamaji wasipige miguu yao juu ya sehemu za chuma. Msomaji na aifikirie habari hiyo. Wenye uwanja walijua vya kutosha kuwaonya watu wasitikise miguu, na bado hawakuwaambia washuke!

Dakika chache kabla ya mchezo kuanza, sehemu ya juu ya jukwaa ilianguka kwa nyuma. Watu 18 walikufa, na zaidi ya 2,300 waliumia, wengine wakabaki vilema maisha yao yote. Waandishi wa magazeti na watangazaji wa redio walikuwa wamewekwa kule juu kabisa, hata wengi wao walikuwa miongoni mwa walioanguka. Kesi ilisikilizwa mwaka 1995. Tarehe 13 Julai, 1992, kabla miezi mitatu haijatimia tangu msiba ule, sheria mpya ilikuwa imekwisha tungwa ya kutaka viwanja vya michezo vithibitishwe rasmi kwa idadi ya watu vinaoweza kuwachukua. Na mwaka 2021 Bunge la Ufaransa liliamua kwamba tarehe 5 Mei pasichezwe mchezo wowote wa mpira wa kulipwa.

Huko Ufaransa sheria ilikuwapo ikarukwa. Katika mji wa Indianapolis, Marekani, mambo yalikuwa kinyume: sheria yenyewe haikuwapo. Tarehe 13 Agosti, 2011, katika maonyesho ya jimbo la Indiana, paa la chuma la jukwaa la muziki lilisukumwa na upepo wa dhoruba likawaangukia watu. Waliokufa ni saba. Mmoja wao alikuwa mfanyakazi aliyekuwa juu kwenye mataa, na mwingine mlinzi. Mainjinia waliochunguza waliona kwamba kamba za kulishikilia paa zilifungwa kwenye vizuizi vya zege vilivyowekwa tu juu ya ardhi, navyo vikaburutwa. Wakati ule hapakuwa na ofisi iliyopewa wajibu wa kukagua jukwaa la muda kama lile. Wingu lilionekana likija, watu wakangoja kwa kuwa hapakuwa na mmoja aliyepewa amri ya kusema: ondokeni.

Turudi kwetu. Mtu atakaye kufanya mkutano wa hadhara Tanzania hutakiwa na sheria kuwapa Polisi taarifa saa 48 kabla. Wengi wakiisha kupeleka karatasi hiyo hudhani kazi imekwisha. Polisi huangalia amani na njia za magari; hawapimi nguvu ya boriti. Kupima ni kazi ya halmashauri na mainjinia wake. Mambo ya moto na njia za kutokea ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na usalama wa vijana wanaopanda vyuma ni wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Katika Dar es Salaam watu wengine wangali wanapotea njia, kwani tangu Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Mwenye shughuli Temeke, Kinondoni, Ubungo au Kigamboni hana budi kupeleka ombi katika manispaa yake.

Na ombi liseme nini? Tunaona halitoshi kutaja tarehe, mahali na jina la mwenye shughuli. Liseme ni watu wangapi watakaopanda, vipaza sauti vina uzito gani, nani atakayejenga, na ardhi ni ya namna gani. Viwanja vya Jangwani vimo katika bonde la Mto Msimbazi. Mguu wa chuma uliosimama imara mwezi wa Januari waweza kudidimia mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamelowesha udongo. Maonyesho ya Saba Saba nayo huja wakati wa kusi, na turubai kubwa lililofungwa vibaya hushika upepo kama tanga la jahazi.

Lakini tusiwaonee wajenzi peke yao. Mwananchi akiambiwa "njoo kesho" mara tano, na siku ya shughuli yake haisogei, atajenga bila kibali, na baadaye mgambo watatumwa kumtoza faini. Halmashauri itakayo kutiiwa na iweke siku maalum ya kujibu, na ishike neno lake. Tena risiti ya ada si ukaguzi. Mtumishi atiaye sahihi bila kutoka ofisini hajaruhusu jukwaa, ameruhusu karatasi. Aende akalione likiwa limekwisha simama, kabla mtu hajapanda, na aandike jina lake.

Wanaotangulia kupanda si wageni wa heshima. Ni vibarua, wengi wao bila mkanda wala kofia ngumu, wakilipwa kwa siku na kuhimizwa wamalize kabla ya alfajiri. Kibarua akisema bomba hili limepinda, asikilizwe, wala asifukuzwe. Mwenyekiti wa tawi naye, kabla ya kukikalia kiti cha mbele katika mkutano ujao, na amwulize mwenye shughuli kwa sauti: ni nani aliyelikagua jukwaa hili, na alikuja saa ngapi?